Kupitia kwa Gertrude

Siku ya mazishi ya Gertrude kule Wundanyi, msomaji wa wasifu alisema marehemu ndiye aliyeleta kompyuta Voi. Nilitaka kusimama nimkatize. Kompyuta zilikuwako kabla yake, katika ofisi za mashamba ya katani na benki, zimefunikwa vitambaa mchana kutwa. Gertrude hakuleta kompyuta yoyote isipokuwa ile yake moja kuukuu. Alichofanya kilikuwa kigumu zaidi ya hapo. Mimi nilikuwapo, na sipendi mtu azikwe na sifa isiyokuwa yake, ndiyo maana nasimulia.

Jina langu Nasima. Baba yangu, Alwi, alikuwa na duka la vitambaa na vyerehani karibu na stesheni ya Voi, na mwaka 1995 alimkodisha Gertrude chumba cha nyuma. Mimi ndiye niliyekaa dukani. Kati ya kaunta yangu na meza yake palikuwa na pazia tu, nami niliishi nusu ya ujana wangu nikisikiliza upande wa pili wa pazia lile.

Gertrude alikuwa Mdawida, yaani Mtaita, wa Bura, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata siku ambazo Voi ilikuwa tanuri. Alikuwa amefanya kazi posta miaka ishirini na sita. Alianzia kwenye swichibodi ya simu Wundanyi, kisha akahamishiwa dirisha la telegramu Voi, mpaka wakampunguza kazini pamoja na wenzake wengi. Hakuolewa wala hakuzaa, na mji mzima ulimwita Madam. Kwa miaka ile yote hakuna aliyefiwa, aliyefaulu mtihani au aliyepata kazi Mombasa bila habari ile kupita kwanza kwenye masikio ya Gertrude. Nadhani hicho ndicho alichokikosa alipoachishwa, kuliko hata mshahara.

Kwa hiyo kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye kompyuta, printa na modemu ya kuiunga na waya wa simu, na akaandika ubao: BARUA ZA KOMPYUTA, ZINAFIKA LEO. Watu walikuja kwa kushuku, kisha kwa mazoea. Ungekaa kwenye kiti, ungesema unalotaka, Madam angelipiga chapa na kulituma. Jibu lingekuja kwenye sanduku lake yeye, sanduku moja tu la watu wote, likiwa na jina lako juu. Angelichapisha, angelitia kwenye bahasha na kuliweka kwenye vijumba vya mbao alivyotengenezewa na seremala mfano wa vile vya posta. Halafu angetuma neno uje.

Bahasha ilikuwa ya heshima tu. Kabla hujaifungua alikuwa ameshakwambia kilichomo.

"Bi Khamisa! Ridha amepandishwa cheo!" angepaza sauti hata mama wa watu hajavuka kizingiti. Bi Khamisa alikuwa jirani yetu, na Ridha ni mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Bi Khamisa angepiga vigelegele, Madam angecheka, nami nyuma ya kaunta ningecheka pia. Hakuna aliyeona vibaya. Tulikuwa tumezoea.

Vijana wa sasa hawataelewa bila kuelezwa. Wakati ule masanduku ya posta yalikuwa machache, na mtu wa kawaida hakuwa na lake. Barua yako ilikuja kupitia kwa mwalimu mkuu, au kupitia kwa kanisa, au kupitia kwa duka la mtu kama baba yangu. Jina lako juu, jina la mwenye sanduku chini. Ukikosana na mwenye sanduku, basi, umekwisha. Gertrude mwenyewe alipokuwa msichana aliitwa shule ya sekondari, na barua ile ikalala kwenye droo ya mwalimu muhula mzima kwa sababu mwalimu na baba yake walikuwa wamegombania mpaka wa shamba. Alianza masomo mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Alikuwa akinisimulia hilo mara kwa mara, kila mara kama jambo la jana.

Sasa, mwishoni mwa mwaka 1997, mvua zile za El Nino ziliponyesha hata barabara ya Wundanyi ikameguka, kampuni ya Mombasa iliyokuwa ikituunganisha na mtandao ilifunga milango bila hata kutuaga. Hapo ndipo tulipojifunza jambo. Kila mtandao, hata wa mashine moja, lazima uwe na namba zake, kama sanduku la posta lilivyo na namba. Namba zetu hazikuwa zetu. Zilikuwa za kampuni, tumeazimwa. Kampuni ilipokufa, namba zikafa nayo, na anwani zote zilizozitegemea zikawa hazipo duniani. Wiki tisa tulikaa gizani. Mtu aliyemwandikia Ridha hakujibiwa, na Ridha alipoandika barua zilimrudia.

Aliyeumia zaidi ni Pauline, nesi wa hospitali, binti mpole wa Bura ambaye Gertrude alimpenda kama mwanawe. Pauline alikuwa ameomba nafasi ya kusomea matibabu ya macho nje ya nchi. Jibu la kumkubali lilitumwa mara mbili kwenye anwani iliyokufa. Alipokuja kulipata kwa njia ya posta, nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia bila sauti. Madam alisimama nyuma yake, mkono begani pake.

Tulipounganishwa tena, kupitia kampuni ya Nairobi, Gertrude aliusoma mkataba mstari kwa mstari. Aliniita nyuma ya pazia.

"Soma hapa, Nasima. Namba ni mali ya kampuni. Unaona? Sisi bado ni kupitia kwa. Wundanyi, Taveta, Voi, sisi wote tunaishi kwa droo ya mtu."

Tangu siku hiyo akawa hashikiki. Akaandika huku na huko, hata akajiunga na kundi la wataalamu wa mitandao wa Afrika waliokuwa wakijadiliana kwa barua pepe. Kila barua aliyotuma mmoja iliwafikia wote. Humo ndimo zilimokuwa zikipendekezwa kanuni za nani apewe namba na kwa kiasi gani. Mwezi wa Juni 1998, mwalimu mmoja wa chuo huko Zambia, ambaye hatukuwahi kumwona sura, alileta pendekezo: watu wa miji midogo, wakiungana, waruhusiwe kuomba fungu dogo la namba liwe lao wenyewe, bila kupitia kampuni. Makampuni makubwa yakasema ni upotevu. Huko vijijini, yalisema, hakuna anayezihitaji. Msimamizi wa kundi akatoa mwito wa mwisho: yeyote anayeunga mkono aseme ndani ya wiki mbili, la sivyo pendekezo litafutwa.

"Hakuna anayezihitaji!" Madam aliisoma sentensi ile mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Mteja wangu aliacha kitambaa kaunta, akaenda zake.

Akaita mkutano. Siku ya Jumamosi ukumbi wa mji ulijaa: wakulima wa kabichi kutoka Bura, walimu wa Wundanyi, wafanyabiashara wa Kiislamu wa hapa mjini, na wanawake wa Miasenyi waliokuwa wakiuza vyondo, vile vikapu vya kusuka, kando ya barabara kuu. Gertrude aliwaeleza kwa dakika kumi tu, kwa sababu alianza na habari za droo ya mwalimu, na kila mtu ukumbini alikuwa na droo yake ya kusimulia. Walipoulizwa kama wanaunga mkono, mikono yote ilipanda. Kisha likafanyika lile linalofanyika kwetu kila mara: likachaguliwa neno moja na msemaji mmoja. Mkutano ukishakubaliana, anayesimama kurudia yaliyokwisha kusemwa huonekana anamdharau msemaji. Msemaji akawa Gertrude. Watu mia moja na kumi na wawili waliweka sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Aliandika barua nzuri sana. Chini yake akapiga chapa majina yote, moja moja, hata walioweka dole gumba aliwatia alama. Akaituma Jumapili baada ya misa, akaenda kulala akiwa na furaha.

Jumatatu jibu likaja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikisoma juu ya bega. Msimamizi alishukuru kwa adabu. Alisema barua imehesabiwa kama sauti moja. Kundi halipokei majina, alisema, linapokea watu. Kila anayeunga mkono aandike mwenyewe, kutoka anwani yake mwenyewe, aeleze kwa nini. Mwisho ni Ijumaa jioni. Upande wa pili, watu tisa wa makampuni walikuwa wameshaandika, kila mmoja ya kwake.

"Hawa watu hawana heshima," akasema Madam. "Watu mia moja wamenituma! Wanataka nini tena? Waje mmoja mmoja kama watoto wanaitika majina darasani?"

"Basi waandike mmoja mmoja," nikasema.

"Kwa anwani gani? Wote si wako na anwani yangu tu?"

Alipolisema akageuka, akavitazama vile vijumba vya mbao. Mimi ulimi wangu haujui kupumzika, na wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na ukali wa pilipili. Nikalisema.

"Madam, kampuni ya Nairobi si inaruhusu kila mtu awe na sanduku lake? Mbona hujawahi kumfungulia hata mmoja?"

"Watasahau paswadi. Bi Khamisa hata miwani yake anasahau."

"Pauline pia atasahau? Madam, hawa wote wako kupitia kwako."

Aliizima mashine, akaifunika, akachukua mkoba wake. Ilikuwa bado saa tano asubuhi. Akapita dukani bila kunitazama na kutoka nje kwenye jua, na mimi nikabaki nimeshika mkasi nikijua nimemkata mahali. Nilijuta. Baba aliponiuliza Bi Gertrude amekwenda wapi, nikasema ana homa.

Jumanne nilipofika kufungua duka nilimkuta amekaa kizingitini. Macho yalikuwa mekundu.

"Tuma watu wawaite," akasema. "Wote wenye kuweza kufika. Leo mpaka Ijumaa. Kila mtu atapata sanduku yake."

Sijawahi kuona siku nne kama zile. Foleni ilitoka chumba cha nyuma, ikapita kati ya majora ya vitambaa, ikaishia barabarani, na baba, ambaye hakuuza hata mita moja, aliishia kuwapikia chai. Kila aliyeketi alifunguliwa sanduku, kisha akasema maneno yake. Madam alikataa katakata kuwatungia. Asiyejua kupiga chapa alipigiwa, lakini neno kwa neno, nami nikatia tafsiri ya Kiingereza chini.

Na hapo ndipo mila yetu ilipotupa kazi. Kila mtu alisema vilevile: "Andika naunga mkono yale Madam alisema." Ilibidi tumbane kila mmoja kwa maswali mpaka aseme lake, na wengine waliona kama tunawafundisha utovu wa adabu.

Ndeti wa Miasenyi, mama wa Kikamba asiyependa mzaha, alikaa, akasema kwa mpigo mmoja: "Mimi nauza vyondo. Mnunuzi yangu iko Denmark, haijaniona, inajua anwani tu. Ile wiki tisa alifikiri nimekufa, akanunua kwa mwingine. Mimi sijakufa. Naunga mkono." Hudson, mkulima wa Bura, aliandika ukurasa mzima. Alisalimia kundi zima, akaulizia mvua za huko waliko, akaeleza kabichi zilivyoozea shambani barabara ilipokatika, akaaga kwa baraka, akaondoka. Tulipokwisha kutuma tukaona hakuunga mkono chochote. Ikabidi arudishwe kutoka stendi kuandika barua ya pili: "Nilisahau. Naunga mkono." Pauline aliandika mistari mitatu tu. Sitairudia hapa, ni yake.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni Bi Khamisa. Alifika Alhamisi, akaketi, akatafuta miwani, akaipata kichwani. Barua yake ilikuwa fupi, kwamba mwanawe yuko mbali na hataki kumpoteza mara ya pili. Ilipofika zamu ya neno la siri, Madam akamwonyesha pa kubofya.

"Neno lenyewe mie nataka liitwe..." akaanza Bi Khamisa.

"Usiniambie!" Madam aliziba masikio kwa mikono miwili. "Bi Khamisa, tafadhali, usiniambie."

"Sasa nikisahau, nani atanikumbusha, mwanangu? Nilitaka unishikie wewe."

"Mimi sishiki tena."

Akageuza kiti chake kikaelekea ukutani. Alikaa hivyo, amewapa mgongo Bi Khamisa na kompyuta, huku mzee wa watu akitafuta herufi moja moja kwa kidole, akinung'unika. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilimtazama Madam usoni kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa ameuma mdomo wa chini na machozi yanamtiririka, na hakuyapangusa, kwa sababu mkono ukipanda Bi Khamisa angejua.

Barua thelathini na nne zilikwenda. Ijumaa mchana mtu wa kampuni moja akalalamika kwamba hizi zote zimeandikwa na mtu mmoja wa Voi mwenye ajenda yake. Msimamizi akamjibu kwamba amezisoma zote, na kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kuzitunga kabichi za Hudson. Jioni ile pendekezo likapita. Walipunguza hiki na kile, kama wafanyavyo watu wa vikao, lakini likapita. Februari ya mwaka uliofuata fungu letu la namba likafika, la Voi, Wundanyi na Taveta, limeandikwa kwa jina letu. Baba alichinja mbuzi. Mwaka uleule kampuni ya Nairobi ikauzwa, na hapana barua hata moja ya mtu wa Taita iliyopotea. Pauline aliomba tena, akakubaliwa, na safari hii jibu alilisoma mwenyewe. Leo anatibu macho ya watu Wundanyi.

Hiyo ndiyo sifa ya Gertrude. Ilipasa isomwe pale kaburini.

Ila kuna jambo la mwisho, ambalo hata kama wangeniita kusoma wasifu nisingelisema mbele za watu.

Baada ya wiki ile watu waliendelea kuja. Tukaongeza kompyuta ya pili, upande wangu wa pazia, na ilikuwa na wateja kutwa. Lakini mtu alikaa, akafungua sanduku lake, akasoma kimya, akacheka peke yake, akalipa, akaondoka. Madam alibaki akitazama migongo. Ridha alioa huko Muscat, na Madam alilijua pale alipoona mama yangu akipepeta mchele wa karamu. "Nani anaoa?" akauliza. Nilipomwambia alisema, "Alaa, vizuri," akarudi mezani kwake. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini alijua habari zetu kabla yetu sisi!

Alasiri moja, Machi 1999, duka lilikuwa tupu. Nilimsikia akiita, "Nasima, njoo uone kama hii mashine iko sawa."

Nikaenda. Alikuwa amefungua sanduku lake, lile la zamani, lililokuwa likipokea barua mia mbili kwa mwezi. Watu wote walikuwa wameshahamia kwao, na lile kundi la wataalamu alishajitoa namba zilipofika. Kwenye kioo hapakuwa na kitu.

"Iko sawa, Madam," nikasema. "Haina barua tu."

"Tangu lini?"

Nikatazama. "Tangu mwezi uliopita."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akasema, bila kujionea huruma, kama mtu anayesoma telegramu ya mwingine: "Hizo zote, miaka hiyo yote. Sikuwa nimeona. Hakuna hata moja ilikuwa yangu."

Nilirudi dukani nikakaa. Hatua sita zilitutenga. Nami nilikuwa nimefunguliwa sanduku ile wiki ya foleni, na sikuwahi kulitumia, maana kila niliyempenda alikuwa Voi. Nikaiwasha kompyuta ya pili. Nilifikiri sana cha kuandika, nikakosa. Mwisho nikaandika: "Madam, chai iko tayari. Kuna mahamri. Nasima." Nikatuma.

Nilisikia mashine yake ikilia. Alikisoma kijibarua kile kwa muda mrefu kupita maneno yake. Angeweza kuniitikia kwa sauti, pazia lilikuwa wazi. Badala yake nikasikia vidole vyake vikianza kupiga chapa, vidole vya miaka ishirini na sita ya telegramu, na baada ya muda kidogo mashine yangu nayo ikalia.

"Mpendwa Nasima," aliandika, "nimepokea barua yako ya leo na nimefurahi sana. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Nakuja sasa hivi. Wako, Gertrude."